SOMO LA UFUNDI: Sensa ya Oksijeni, Ipime Kabla ya Kununua Nyingine

Mama mmoja anayeteremsha mboga kutoka Wundanyi kuja kuuza Voi aliingia katika karakana ya wanafunzi wetu wa umekanika akiwa na kikapu mkononi. Ndani ya kikapu mlikuwa na vyuma viwili vyenye mikia ya waya, kila kimoja kimefungwa kwa gazeti. "Mwalimu," akasema, "hizi mbili nimeambiwa zimekufa. Ya tatu iko kwenye gari, mpya. Na taa bado inawaka. Sasa niambie ukweli: gari limerogwa ama ni mimi ninayeibiwa?"

Gari lenyewe ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998. Zamani, petroli ya shilingi 1,200 ilitosha kumpandisha na kumteremsha. Siku alipokuja kwetu alikuwa akitumia shilingi 1,800 kwa safari hiyo hiyo, na faida ya kabeji za siku nzima ilikuwa ikiishia kwenye tangi. Tumelifanya tatizo lake kuwa somo la toleo hili kwa sababu magari ya umri huo ni mengi katika barabara zetu, na jambo lililompata huwapata wengi: taa ya injini inawaka, mtu anaambiwa "ni sensa", ananunua sensa, na baada ya siku tatu taa inarudi.

Sensa ya oksijeni ni nini

Sensa tunayoizungumzia hapa si ile ya kuhesabu watu. Vitabu vya shule vinaiita kihisi, lakini ukiingia gereji uulize kihisi utatazamwa tu, kwa hivyo tutasema sensa. Ni chuma kidogo kama plagi, kimefungwa kwenye bomba la moshi karibu na injini, ncha yake ikiwa ndani ya moshi wenyewe. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuitengeneza mwaka 1976, na magari ya kwanza kuwekewa yalikuwa ya Volvo yaliyouzwa Marekani. Gari la kabureta la zamani kabisa kwa kawaida halina. Gari la petroli lenye nozeli na kompyuta karibu lote linayo.

Kazi yake ni moja, kunusa oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Hewa ikizidi, oksijeni hubaki kwenye moshi, na mafundi husema mchanganyiko ni mwepesi. Petroli ikizidi, oksijeni huisha, na mchanganyiko ni mzito. Ndani ya ncha ya sensa mna kauri ya zirkonia ambayo, ikishapata moto wa zaidi ya nyuzi 300 hivi, hutoa umeme mdogo kulingana na hali hiyo. Mchanganyiko ukiwa mzito, sensa hutoa karibu volti 0.9. Ukiwa mwepesi, hushuka hadi karibu volti 0.1. Kompyuta ya gari husoma namba hizo na kurekebisha petroli, ikiongeza, ikipunguza, ikiongeza tena, mara nyingi kila dakika. Sensa nzima kwa hivyo haitulii. Injini ikiwa na moto, umeme wake hupanda na kushuka bila kukoma.

Sensa ikifa, kompyuta hukosa habari na kurudi kwenye kipimo chake cha kubahatisha, ambacho kwa kawaida huelekea upande wa petroli nyingi. Gari linaanza kula mafuta. Plagi zinakuwa nyeusi kwa masizi, injini inatetemeka ukiwa umesimama kwenye foleni, moshi unanuka petroli au hata mayai yaliyooza. Likiachwa hivyo kwa miezi, kile chombo cha kusafisha moshi kilicho chini ya gari, kataliti, hupata moto kupita kiasi na kuharibika. Hicho ni ghali kuliko sensa mara nyingi. Na moshi huo tunauvuta sisi sote, hasa wauzaji walioketi kando ya stendi tangu alfajiri.

Shahidi na mwizi

Hapa ndipo penye somo lenyewe, na tunamwomba msomaji asiruke.

Sensa ni shahidi. Inaeleza iliyoyaona kwenye moshi. Shahidi anaweza kuwa mzima kabisa na akasema jambo lisilopendeza, na kwa sababu yeye ndiye aliyesema, ndiye anayefungwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa gari la mama yetu. Tulipolipima kwa mara ya kwanza, sensa mpya ilikuwa imeganda kwenye volti 0.15. Maana yake: hewa nyingi, petroli kidogo. Lakini tulipozifungua plagi, zote nne zilikuwa nyeusi kwa masizi makavu. Maana yake: petroli nyingi, hewa kidogo. Mashahidi wawili, maneno yanapingana.

Wanafunzi walikimbilia kusema sensa ni mbovu tena. Tukawauliza: sensa tatu, zote mbovu, zote kwa namna moja?

Kuna mambo mawili ambayo husababisha upinzani wa namna hiyo. La kwanza ni injini kumisi. Silinda moja isipochoma, hewa yake yote pamoja na oksijeni hutoka nzima kwenye bomba la moshi. Sensa haijui kunusa petroli ambayo haikuungua, hunusa oksijeni tu, kwa hivyo huiambia kompyuta "hewa imezidi". Kompyuta, kwa utii, huongeza petroli. La pili ni bomba la moshi kuvuja mahali palipo kabla ya sensa. Wengi hudhani bomba linalovuja hutoa moshi tu. Sivyo. Moshi wa injini hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba huvuta hewa ya nje kupitia tundu lile lile. Hewa hiyo haikupita kwenye injini hata kidogo, lakini sensa inainusa. Kompyuta tena inaongeza petroli. Gari linakula mafuta, plagi zinaingia masizi, na sensa inalaumiwa.

Kwa hivyo kabla ya kugusa sensa, angalia plagi, waya zake na kofia ya distribyuta kama gari lako linayo. Angalia mipira midogo ya hewa inayozunguka injini, kwa kuwa mpira uliopasuka huingiza hewa ambayo kompyuta haikuihesabu. Hapo mchanganyiko ni mwepesi kweli, na sensa imesema haki. Pampu ya petroli iliyochoka au filta iliyoziba nayo huleta wepesi wa kweli.

Halafu usikilize bomba. Fanya hivyo asubuhi, injini ikiwa baridi. Gasketi ya manifoldi ya moshi ikivuja utasikia tik-tik-tik kama cherehani, na sauti hupungua injini ikipata moto kwa kuwa chuma hutanuka na kuziba ufa. Tafuta pia mistari ya masizi kwenye viungo. Mtu wa pili akiziba kwa muda mfupi mwisho wa bomba kwa kitambaa kinene, mvujo husikika zaidi. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye kiungo kilicho baridi huonyesha mapovu.

ONYO: Usinguruмishe injini ndani ya banda lililofungwa. Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na huua mtu kabla hajajua kwamba kuna hatari. Fanya kazi hii nje au mahali penye milango wazi pande mbili.

Kusoma taa bila mashine

Magari mengi yaliyotoka Japani katika miaka ya 1990 hayakubali kusomwa na zile mashine ndogo za bei nafuu zinazouzwa mjini. Mashine ikikataa, si lazima kompyuta ya gari iwe mbovu. Toyota nyingi za wakati huo zina njia yao. Fungua boneti utafute kisanduku kidogo cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko chake pamechorwa majina ya matundu. Kwa kipande cha waya, unganisha tundu la TE1 na la E1, kisha washa swichi bila kuipiga stata. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa sawasawa bila kukoma, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikanyamaza kidogo, ikapepesa mara moja, hiyo ni 21, yaani njia ya sensa ya oksijeni. Kwenye baadhi ya injini utaona 25, mchanganyiko mwepesi mno, au 26, mzito mno.

Hakikisha ni matundu hayo mawili hasa. Ukiunganisha mengine kwa kukisia unaweza kuunguza kompyuta, na hapo sensa itakuwa jambo dogo kati ya matatizo yako.

Gari la mama yetu lilipepesa 21. Mafundi wawili waliomtangulia waliishia hapo. Lakini namba hiyo haisemi "nunua sensa". Inasema "nimeona jambo lisilo la kawaida katika njia hii", na njia hiyo ina sensa, ina waya, ina soketi, na ina moshi unaopita.

Kwa magari ya baadaye yanayosomwa kwa mashine, zijue namba chache. P0135 ni hita ya sensa, na hiyo mara nyingi huwa sensa yenyewe, fyuzi au waya. P0171 ni mchanganyiko mwepesi na P0172 ni mzito, nazo kwa kawaida huanza kwingine. P0420 inahusu kataliti. Sensa iliyo mbele ya kataliti huitwa ya kwanza na iliyo nyuma huitwa ya pili. Hakikisha fundi anakuambia ni ipi kabla hujalipa.

Kupima kwa multimita

Unahitaji multimita ya namba, si ile ya mshale. Ya mshale huunyonya umeme mdogo wa sensa na kukupa jibu la uongo. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 2.

Hesabu waya za sensa. Ikiwa na mmoja, huo ndio wa ujumbe. Zikiwa nne, mara nyingi mbili za rangi moja ni za hita, na kati ya mbili zilizobaki mmoja ni wa ujumbe na mwingine ni wa ardhi. Usitoboe waya. Ingiza pini nyembamba kupitia nyuma ya soketi, soketi ikiwa imeunganishwa. Ncha nyeusi ya multimita iende kwenye betri upande wa hasi.

Ipashe injini moto hadi feni iwake, kisha ishikilie kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika mbili hivi. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Sensa baridi haitoi kitu, na wengi wamezitupa sensa nzima kwa kuzipima kabla hazijapata moto. Ukiendelea kushikilia mizunguko hiyo, hesabu mara ambazo namba inavuka kutoka chini ya 0.45 kwenda juu yake na kurudi. Kwenye Toyota za aina hii tunatarajia mara nane au zaidi kwa sekunde kumi. Ikivuka mara mbili au tatu kwa uvivu, sensa imezeeka. Ikiganda, usihukumu bado, ilazimishe kwanza.

Kulazimisha ni hivi. Chomoa mpira mmoja mdogo wa hewa ili injini ivute hewa ya ziada. Namba ishuke upesi kuelekea 0.1 au 0.2. Urudishe. Kisha mwenzako apulizie dawa ya kusafisha kabureta kidogo sana kwenye njia ya hewa, mbali na waya za plagi na manifoldi yenye moto. Namba irukie 0.8 au zaidi. Sensa inayoitikia pande zote mbili, upesi, ni nzima hata kama taa inawaka, nawe tafuta mwizi kwingine. Isiyoitikia upande wowote, ilhali waya na soketi ni safi, hiyo badilisha bila huruma.

Tulipopulizia dawa kwenye gari la mama, namba ilitoka 0.15 ikapanda hadi 0.8 papo hapo, kisha ikaanguka tena. Darasa likanyamaza. Sensa ilikuwa ikisema kweli kuhusu moshi ulioifikia.

Hita hupimwa swichi ikiwa imezimwa na soketi imechomolewa. Weka multimita kwenye om, gusa waya mbili za rangi moja. Jibu hutofautiana kwa gari, lakini om chache hadi karibu 20 ni kawaida. Ikionyesha hakuna njia kabisa, hita imekatika.

Angalizo kwa wenye magari ya miaka ya 2000 kuja huku: baadhi yana sensa ya aina nyingine mbele ya kataliti, inayopima uwiano wa hewa na petroli, na hiyo haichezi kati ya 0.1 na 0.9. Ukiipima kwa njia hii utaiita mbovu nayo haina kosa. Uliza kwanza ni aina gani.

Ikibidi kubadilisha

Itoe na uitazame ncha. Masizi meusi makavu yametoka kwenye petroli iliyozidi. Rangi ya kahawia au majivu ni oili inayoungua. Unga mweupe unaweza kuwa silikoni, ile ya kuzibia gasketi ambayo wengine huipaka kama siagi, au maji ya rejeta yanayoingia ndani ya injini. Usipoondoa chanzo, sensa mpya itakufa kwa ugonjwa ule ule. Risasi iliyokuwa katika petroli ya zamani nayo ilikuwa ikiziua. Petroli ya risasi iliondolewa katika vituo vya nchi yetu kufikia mwanzoni mwa 2006, kwa hivyo anayekuuzia hadithi hiyo leo mwambie amechelewa.

Legeza sensa kwa spana ya 22 bomba likiwa vuguvugu, si la moto wa kuunguza, na mafuta ya kulegeza kutu yakiwa yamekaa usiku kucha. Grisi maalumu ya nyuzi ipakwe kwenye nyuzi tu, isiguse ncha. Usijaze grisi kwenye soketi wala kufunga waya kwa risasi ya kuunganishia, kwa sababu sensa nyingi huvuta hewa safi ya kulinganisha kupitia ndani ya waya wake. Na kuhusu sensa za mitumba, maoni yetu ni haya: kauri iliyo ndani huvunjika ikianguka sakafuni mara moja, na kwa nje huoni chochote. Ukilazimika kununua, itikise karibu na sikio. Ikilia kama njugu kwenye debe, irudishe.

Gari la mama

Tuliliacha lipoe usiku. Asubuhi mwanafunzi mmoja akalipiga stata, na sote tukasikia tik-tik-tik kutoka nyuma ya manifoldi. Nati mbili zilikuwa zimelegea, moja haikuwapo kabisa, na gasketi ilikuwa imeungua upande wa silinda ya nne. Tuliweka gasketi mpya na nati tatu, tukasafisha plagi, tukachomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde kumi na zaidi ili kumbukumbu ifutike. Injini ilipopata moto, namba ilianza kucheza: 0.2, 0.8, 0.1, 0.7. Gasketi na nati zilimgharimu chini ya robo ya bei ya sensa moja.

Kisha tukazigeukia zile mbili za kikapuni. Tulizibana moja baada ya nyingine kwenye jiliwa na kuipasha ncha kwa mwali wa gesi, multimita ikiwa imeunganishwa. Ya kwanza, iliyokuja na gari kutoka Japani, ilipanda hadi 0.85 na ikashuka mwali ulipoondolewa. Ilikuwa nzima siku zote. Ya pili, aliyouziwa kama mitumba safi, haikutoa kitu, na ilipotikiswa ililia.

Mama ameirudisha ya kwanza kikapuni kama akiba. Juma lililopita alipita akiwa na magunia ya kabeji nyuma, akatuambia petroli imerudi kwenye shilingi 1,200 na chenji kidogo. Ile ya pili alituachia. Tumeipasua kwa msumeno, na iko juu ya meza ya karakana kwa yeyote anayetaka kuona kauri iliyovunjika inafanana vipi.